Simu, DSLR au kamera ya sayari: ipi ya kuanzia kupiga picha za mwezi kwa darubini?

Kila nikiitoa darubini uani, mambo huenda vilevile. Mgeni anachungulia, anatulia kimya, anaona kasoko, yale mashimo ya mwezini, zilizojaa vivuli, kisha mkono unaingia mfukoni kutafuta simu. Anaibandika kwenye lenzi ya jicho, anahangaika nayo, anaambulia duara jeupe lisilo na kitu ndani. Swali linalofuata huwa lilelile: "Sasa ninunue kamera gani?"

Njia za kuanzia ni tatu. Ya kwanza ni hiyo simu, ikishikwa vizuri. Ya pili ni kamera ya DSLR, yaani ile ya kubadilisha lenzi yenye kioo ndani, au ile isiyo na kioo ndani, ikivuliwa lenzi yake ili darubini ndiyo iwe lenzi. Ya tatu ni kamera ndogo ya sayari inayoingia mahali pa lenzi ya jicho na kurekodi video kwenye kompyuta. Zote nimezitumia kwa darubini ileile: Newton, yaani darubini inayokusanya mwanga kwa kioo badala ya lenzi, ya kioo cha milimita 130, urefu wa fokasi (umbali ambao mwanga husafiri hadi kuwa picha) milimita 650, juu ya stendi ya Dobson ya kusukuma kwa mkono. Hesabu nitakazotoa ni za darubini hiyo. Ya kwako ikiwa na fokasi ndefu maradufu, ukubwa wa mwezi kwenye picha nao utaongezeka maradufu.

Tunapima nini

Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni picha unayoitaka. Picha ya uso mzima wa mwezi na picha ya kasoko moja ni kazi mbili tofauti, na kamera inayofanya moja vizuri mara nyingi huhangaika na nyingine. Cha pili ni gharama, pamoja na vile vitu vidogo ambavyo hakuna anayekutajia dukani. Cha tatu ni usiku wenyewe: nini kitakusumbua gizani ukiwa umeinama. Cha nne ni kazi inayobaki baada ya kuingia ndani. Cha tano, njia hiyo inamfaa mtu wa aina gani.

Kwanza mwezi wenyewe, na anga letu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu yafuatayo yanabadilisha matokeo kuliko kamera.

Wengi husubiri mwezi mpevu. Usiku huo jua linaupiga mwezi usoni, vivuli vinapotea, milima inalala bapa kama ramani. Uzuri uko kwenye mpaka wa mwanga na kiza, pale ambapo jua la mwezini ndiyo kwanza linachomoza na kila ukingo wa kasoko unatupa kivuli kirefu. Kwa hesabu ya kuandama, usiku wa saba hadi wa kumi ndio wa kuanzia. Usiku wa nane au wa tisa unaona safu ya milima ya Apenninus imesimama, kasoko ya Plato yenye upana wa karibu kilomita 100 na sakafu nyeusi, na Copernicus ya kilomita 93 ikianza kupata mwanga. Kusini utaiona Clavius, pana kupita kilomita 200, ina kasoko nyingine ndani yake zilizojipanga kwa upinde.

Mwezi wa nusu hautoi nusu ya mwanga wa mwezi mpevu. Hautoi hata sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo vipimo vya kamera ulivyotumia usiku wa kumi na nne visahau kabisa ukirudi usiku wa saba.

Halafu kuna mahali tulipo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, Mombasa 4, Nairobi kidogo tu zaidi ya 1. Mwezi kwetu hupanda hadi utosini au jirani yake, na hilo ni neema, maana unautazama kupitia hewa kidogo kuliko mtu wa London anayeuona umening'inia chini. Lakini darubini ikielekezwa juu kabisa, stendi ya Dobson inakuwa ngumu kusukuma, na mwenye darubini ya lenzi analazimika kupiga magoti. Mimi husubiri mwezi upite utosi na kuteremka saa mbili hivi. Mwezi wa usiku wa nane unakuwa juu kabisa karibu na saa moja usiku, kwa hiyo saa tatu ndiyo saa yangu.

Kukaa kwetu karibu na ikweta kuna tahadhari moja ya ununuzi. Video nyingi za mafunzo hutengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, nao huhimiza stendi ya ikweta yenye uzito wa kusawazisha. Stendi hiyo inataka mhimili wake uelekee ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka. Kwetu ncha ya anga iko karibu kabisa na upeo wa macho, na stendi nyingi za kuanzia haziwezi kulala kiasi hicho. Ule uzito hugonga mguu wa tripodi. Kwa mwezi huihitaji. Stendi ya kupanda na kushuka, kulia na kushoto, inatosha kwa njia zote tatu hapa, kwa sababu picha za mwezi ni za sehemu ndogo sana ya sekunde.

Pwani ongeza unyevu. Umande huanza kwenye lenzi kabla hujautambua. Kipande cha mkeka wa sponji kikizungushwa mdomoni mwa darubini kinachelewesha umande kwa saa nzima au zaidi. Ukimaliza, usifungie vifaa vikiwa na maji. Nilipoteza lenzi moja kwa kuvu, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani kabisa ya kioo, kwa sababu tu niliifunika usiku na kuirudisha kabatini. Sasa kila kitu kinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika. Kusi nayo ikivuma, tafuta ukuta wa kujikinga. Upepo unaotikisa tyubu hauponywi na kamera yoyote.

Njia ya kwanza: simu kwenye lenzi ya jicho

*Picha unayopata.* Uso mzima wa mwezi, safi, wa kutosha kabisa kutuma kwenye kundi la familia au kuchapisha kwa ukubwa wa kadi. Kwa lenzi ya jicho ya milimita 25, mwezi wangu huchukua pikseli 700 hivi kwa upana katika picha ya megapikseli 12. Nikiweka ya milimita 10, zinapanda hadi kama 1,700. Hapo kasoko kubwa zinaonekana bila kubahatisha.

*Gharama.* Kama darubini unayo, kinachobaki ni klempu ya kushikilia simu. Za plastiki huuzwa dola 15 hivi, na zile za chuma zenye skrubu za kurekebisha pande zote hufika dola 60. Tofauti ya bei utaihisi usiku wa kwanza. Klempu dhaifu hupinda kwa uzito wa simu za leo, na kila ukigusa skrini, mwezi unatoroka.

*Usiku wenyewe.* Kulinganisha jicho la simu na lenzi ndiko kunakochukua muda. Simu za sasa zina kamera tatu au nne mgongoni, na simu ikiamua yenyewe kuhamia nyingine katikati ya kazi, skrini inakuwa nyeusi. Funga kwenye kamera kuu. Gusa mwezi, shikilia kidole hadi fokasi na mwangaza vifungwe, kisha teremsha mwangaza mpaka duara jeupe ligeuke kuwa uso. Ukiwa na programu inayokuachia vipimo, kama Open Camera kwa simu za Android, anzia ISO 50 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na 1/250 ya sekunde kwa mwezi wa nusu. Weka kipima muda cha sekunde tatu ili mkono wako uwe umetoka.

Kuna jambo moja nalisema kwa mkazo. Baadhi ya simu hutambua kuwa kilicho mbele ni mwezi na kuongeza maelezo ambayo lenzi haikuyaona. Zima kabisa msaada huo wa kutambua mandhari. Kasoko ulizozipata mwenyewe, hata zikiwa na ukungu kidogo, ni zako.

*Kazi ya baadaye.* Karibu hakuna. Ongeza ukali kidogo, basi. Lakini ukirekodi video badala ya picha, unaweza kuipitisha kwenye programu zilezile za kurundika fremu nitakazozitaja kwenye njia ya tatu, na simu itakushangaza.

*Inamfaa nani.* Anayeanza usiku wa leo, mwalimu mwenye wanafunzi ishirini wanaosubiri zamu, mzazi, na mtu ambaye bado hajajua kama mapenzi haya yatadumu.

Njia ya pili: DSLR au kamera isiyo na kioo

*Picha unayopata.* Hapa ndipo mwezi mzima hupata haki yake. Ukubwa wa mwezi kwenye kihisi, kile kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera, unaupata kwa kugawa urefu wa fokasi kwa 109. Darubini yangu ya milimita 650 inachora mwezi wa milimita 6. Nikiweka lenzi ya Barlow, ile inayorefusha fokasi ya darubini, ya mara mbili, napata milimita 12. Kihisi cha APS-C, ukubwa wa kawaida wa DSLR nyingi, kina kimo cha milimita 15 hivi, kwa hiyo mwezi unaingia wote na nafasi inabaki, na kwa kamera ya megapikseli 24 unapata zaidi ya pikseli 3,000 kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiwa na Maksutov, darubini fupi inayochanganya kioo na lenzi, ya milimita 127 yenye fokasi ya 1500, mwezi wa karibu milimita 14 unajaa kihisi bila Barlow, kana kwamba vilipimwa pamoja.

Faida nyingine ni faili ghafi, RAW, yenye rangi nyingi. Mwezi mpevu tuliouona hauna vivuli unageuka mali hapa: ukiongeza ukolezi wa rangi taratibu, Bahari ya Utulivu, kule Apollo 11 ilikotua Julai 20, 1969, inajitokeza na ubuluu kwa sababu mwamba wake una titani nyingi, na bahari za jirani zinaonekana za hudhurungi. Ndiyo kamera ya hilali pia, pale sehemu ya giza inapong'aa hafifu kwa mwanga uliorudishwa na dunia, na ya kupatwa kwa mwezi. Waliotazama kupatwa kwa Septemba 7, 2025 wanakumbuka mwezi ulivyokaa mwekundu kwa zaidi ya saa nzima. Wakati ule simu nyingi zilibaki na doa la chengachenga tu.

*Gharama.* Kama kamera unayo kwa kazi za harusi au za mtaani, unahitaji pete ya T, ya kuunganisha kamera na darubini, inayolingana na aina ya kamera yako na bomba la kuingia kwenye darubini, jumla dola 20 hadi 40. Kama huna, tafuta iliyotumika. Hata mwili wa miaka kumi iliyopita unatosha, mradi uweze kuonyesha picha moja kwa moja kwenye skrini ya nyuma. Pesa za lenzi hazihusiki hapa.

*Usiku wenyewe.* Mtego mkubwa zaidi katika makala hii yote uko hapa. Darubini nyingi za Newton za kuanzia haziwezi kuleta fokasi kwenye DSLR, kwa sababu kihisi kimezama ndani ya kamera na kifokasishi hakiwezi kuingia ndani vya kutosha. Mimi nilisubiri pete ya T kwa wiki kadhaa, nikaifunga kwa furaha, nikazungusha kifokasishi hadi mwisho, na mwezi ukabaki bonge la ukungu. Nilidhani darubini imeharibika. Kilichoniokoa ni lenzi ya Barlow, ambayo husukuma fokasi nje zaidi. Kwa hiyo mwenye Newton aweke Barlow kwenye bajeti tangu mwanzo, au aulize kwanza kama darubini yake inakubali kamera. Wenye darubini za lenzi na za Maksutov kwa kawaida hawakutani na shida hii.

Uzito ni shida ya pili. Kamera inaning'inia pembeni na tyubu inaanza kushuka yenyewe. Sumaku au kifuko cha mchanga upande wa nyuma husawazisha. Shida ya tatu ni mshtuko wa kioo cha ndani ya DSLR kinapopanda. Piga kupitia skrini ya nyuma, na utumie kuchelewesha kwa sekunde mbili. Kwa mwezi wa nusu na Barlow ya mara mbili, anzia ISO 400 na 1/125. Fokasi itafute kwa kukuza skrini mara kumi kwenye ukingo wa kasoko iliyo mpakani mwa kiza, kamwe si kwenye ukingo wa nje wa mwezi unaochemka.

*Kazi ya baadaye.* Ya wastani. Picha moja nzuri inaweza kutosha baada ya kusafisha RAW. Ukiwa na subira, piga 30 hadi 50 na uzirundike.

*Inamfaa nani.* Mwenye kamera tayari, anayetaka mwezi mzima wa kuning'iniza ukutani, na anayefuatilia hilali na kupatwa.

Njia ya tatu: kamera ya sayari

*Picha unayopata.* Kasoko, mabonde, nyufa. Mwezini, sekunde moja ya tao (sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja) ni karibu kilomita 1.9, na kioo cha milimita 130 kinaweza kutenganisha kidogo chini ya sekunde moja. Kinachokuzuia kufika huko ni hewa inayotetemeka. Kamera hii inaishinda kwa wingi: inarekodi maelfu ya fremu, kompyuta inachagua zile chache zilizopigwa hewa ilipotulia, inazirundika ziwe moja. Ukuta Ulionyooka, ule mteremko wa kilomita 110 ndani ya Bahari ya Mawingu, nilikuwa nauona kama unywele kwa DSLR. Kwa njia hii niliuona na kivuli chake.

Ila kihisi ni kidogo. Kamera kama ZWO ASI120MC-S ina kihisi cha milimita 4.8 kwa 3.6, na mwezi wangu wa milimita 6 hauingii hata bila Barlow. Kwa Barlow ya mara tatu unaona robo tu ya upana wa mwezi kwa mara moja. Mwezi mzima unawezekana kwa kuunga vipande vingi, na kipande kimoja kikisahaulika, tundu jeusi linabaki usoni.

*Gharama.* Za chini kabisa hupatikana kwa chini ya dola 100. Ile ya ZWO niliyoitaja imekuwa ikiuzwa karibu dola 150 kabla ya usafirishaji na ushuru. Gharama kubwa iliyofichika ni laptopu inayofaa: ya Windows, yenye tundu la USB 3 na diski ya haraka. Kamera ya pikseli 1280 kwa 960 ikirekodi fremu 60 kwa sekunde inajaza zaidi ya gigabaiti 4 kwa dakika moja.

*Usiku wenyewe.* Meza, laptopu, waya gizani, wadudu wanaokimbilia skrini, na betri inayohesabu dakika umeme ukikatika. Kuupata mwezi kwenye kihisi kidogo hivyo kunahitaji kuanza bila Barlow, kuuweka katikati, kisha kuongeza. Kwa stendi isiyo na mota, mahali unapopataka panapita mbele ya kamera kwa kama nusu dakika, kisha unasukuma tena. Inawezekana, nimeifanya sana: uache mwezi uelee, urekodi sekunde 20, urudie. Programu za kurekodia ni SharpCap au FireCapture.

*Kazi ya baadaye.* Nyingi, na wengine ndiyo wanayoipenda. AutoStakkert inachagua na kurundika, RegiStax inaongeza ukali. Zote ni za bure. Saa moja ya nje inaweza kuzaa saa tatu za ndani, na mwanzoni utazidisha ukali mpaka kingo za kasoko zipate mistari myeupe ambayo mwezini haipo.

*Inamfaa nani.* Anayependa kompyuta, anayetaka kuijua kasoko moja kwa jina na sura yake, na anayepanga kuendelea hadi Mshtarii na Zohali, ambako kamera hii inaziacha nyingine mbali.

Kwa hali yako

Una darubini na simu, bajeti imebana: nunua klempu ya chuma na lenzi ya jicho ya milimita 10 iliyo bora kuliko ile iliyokuja na boksi. Hiyo lenzi itabaki na kazi hata ukihamia njia nyingine.

Una DSLR na darubini ya Newton: jaribu fokasi kwa pete ya T ya kuazima kabla hujatoa pesa, na Barlow iwe mkononi. Una DSLR lakini huna darubini bado: Maksutov ya milimita 127 itakupa mwezi mzima kwa urahisi kuliko Newton ndogo, ingawa utalipa zaidi kwa kila milimita ya kipenyo.

Unaishi ghorofani na kibaraza chako kinaona kipande kidogo tu cha anga: simu au DSLR, kwa sababu zinafungwa na kufunguliwa upesi kabla mwezi haujajificha nyuma ya jengo. Laptopu na waya zitakula muda wako wote.

Unaendesha klabu ya shule: simu, bila shaka, kila mwanafunzi aondoke na picha yake. Kamera ya sayari ikipatikana baadaye, iunganishwe na projekta, darasa zima litazame bahari za mwezi zikielea ukutani.

Unataka hilali: DSLR, na usielekeze darubini upande wa magharibi mpaka jua limezama lote. Jua ndani ya darubini linapofusha jicho na kuunguza kihisi papo hapo.

Na kama bado umekwama, piga kwa simu mwezi mmoja mzima, tangu kuandama hadi kufifia, halafu fungua picha zako na uangalie unafanya nini nazo. Ukijikuta unakuza kona moja mpaka pikseli zinapasuka, ukitafuta kilichomo ndani ya Clavius, wewe ni wa kamera ya sayari. Ukijikuta unalalamikia rangi, weusi wa anga, au ukingo uliopauka, tafuta DSLR iliyotumika. Na ukikuta umezituma zote kwa watu na hujatamani kubadilisha kitu, klempu yako inatosha.